Sura ya 4: Tufaha la Chuma

Katika vitabu vya Kiingereza vinavyohusu panga za Ulaya ya enzi za kati, kuna umbo moja la mwisho wa mpini linaloitwa kokwa ya Brazil. Ni pande la chuma lililonenepa katikati na kuchongoka kwenye pembe mbili, upande mmoja umebinuka na upande wa pili umenyooka au umelegea kidogo. Panga zenye umbo hilo zilivaliwa viunoni hasa kati ya karne ya 10 na ya 12. Kokwa yenyewe hutoka kwenye mti mrefu wa misitu ya Amazoni, na Wareno hawakuikanyaga pwani ya Brazil hadi mwaka 1500. Hakuna mhunzi, sonara wala mpiganaji wa zama za panga hizo aliyewahi kuitia kokwa hiyo machoni. Jina limetoka kwa watu walioishi karne nyingi baadaye, waliozoea kuiona mezani, na waliotafuta neno la haraka la kuelezea kile walichokishika. Sura hii inafuatilia majina ya namna hiyo kwa sababu naamini yamekuwa yakisomwa vibaya. Majina ya kale ya sehemu hii ya upanga yana habari za jinsi ilivyoundwa. Majina ya maumbo tuliyoyarithi kutoka karne mbili zilizopita yana habari za macho ya wakusanyaji. Makundi hayo mawili yamechanganywa katika lugha moja ya makumbusho, na mchanganyiko huo umezaa makosa.

Kwanza kitu chenyewe. Bapa la upanga haliishii pale mkono unapoanza. Huendelea kuwa chembamba na kuingia ndani ya mpini, na sehemu hiyo ya ndani ndiyo msuka, kama msuka wa jembe au wa kisu. Msuka wa upanga wa Ulaya ulipita katika kinga ya mkono, ukapita katika mti au pembe ya kushikia, ukatokeza upande wa pili. Hapo ndipo lilipowekwa pande la chuma lenye tundu, na ncha ya msuka ikagongwa kwa nyundo mpaka ikatanuka na kulibana. Pande hilo hushikilia mpini wote usichomoke, huzuia mkono usiteleze, na likiwa zito huvuta uzani wa upanga kuelekea mkononi, hivyo ncha inakuwa nyepesi kuigeuza. Panga la kufyekea shamba halina kitu hiki, na labda ndiyo maana Kiswahili hakina jina lake lililozoeleka. Nitaliita kirungu cha mpini, kwa sababu hufanana na kichwa cha rungu, na kwa sababu wapiganaji wa Ulaya walilitumia kupigia hasa. Fiore dei Liberi, mwalimu wa upanga wa Italia aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 15, anaonyesha mapigo ya kirungu usoni mwa adui kama sehemu ya kawaida ya mafunzo. Kitabu cha Kijerumani cha karne hiyohiyo kinachojulikana kama Gladiatoria kinafundisha hata kukifungua kirungu kutoka kwenye mpini na kumrushia mpinzani kabla ya kumvamia.

Fiore alikiita kirungu *pomo*, na hapo tunaanza kuiona njia ya neno lililoenea kuliko yote. Kilatini *pomum* ni tunda, tunda lolote la mti. Katika Kifaransa cha kale likapatikana *pomel*, yaani tunda dogo au tufaha dogo, na kutoka hapo Kiingereza kikachukua *pommel*. Kihispania na Kiitaliano vimebaki na *pomo*. Lakini neno hili halikuwa mali ya upanga peke yake. Katika Kiingereza cha enzi za kati lilitumika pia kwa tufe lililopamba kilele cha mnara au nguzo ya hema, na baadaye kwa sehemu iliyoinuka mbele ya tandiko la farasi. Kufikia karne ya 16 lilikwisha zaa kitenzi cha kumpiga mtu mapigo mfululizo, na kitenzi hicho kiko hai mpaka leo katika vinywa vya watu ambao hawajawahi kuuona upanga. Ukitoka kwenye lugha zilizozaliwa na Kilatini unakuta fikra iliyo jirani. Wajerumani husema *Knauf* au *Knopf*, neno la kifundo na kifungo. Wapolandi husema *głowica*, kutokana na neno la kichwa. Tufaha, kifundo, kichwa: yote ni majina ya kitu kimoja, kizima, cha mviringo au karibu na mviringo, kilichokaa kwenye ncha ya kitu kingine.

Kaskazini, katika lugha ambazo mashairi na visa vya Wavikingi vilitungwa, mambo yalikuwa tofauti. Kinorsi cha kale kilikuwa na neno *hjalt*, na neno hilo lilitumika kwa sehemu mbili: kinga iliyokuwa kati ya bapa na mkono, na ile sehemu ya upande wa pili wa mkono. Ya pili iliitwa *hjalt* ya juu. Haikuwa tunda wala kichwa, bali ndugu pacha wa kinga, na mkono ulikaa kati ya hao wawili. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno la ukoo huohuo, *hilt*, na kwa karne nyingi Waingereza walilitumia kwa wingi hata walipozungumzia upanga mmoja. Katika tamthilia za Shakespeare bado mtu huambiwa ashike "mipini" ya upanga wake mmoja. Wingi huo unaoshangaza msomaji wa leo unaeleweka vizuri ukikumbuka kwamba hapo zamani mpini ulihesabiwa kwa vipande vyake viwili, cha juu na cha chini.

Tazama sasa panga zenyewe. Upanga wa Kigermani wa karne ya 6 au ya 7, na hata panga nyingi za Wavikingi wa karne ya 9, haukuwa na pande moja la chuma kwenye ncha ya mpini. Ulikuwa na kipande cha juu kilichofanana na kinga ya chini, cha chuma au cha pembe na mti vilivyobanwa kwa mabamba, na juu yake kikaongezwa kifuniko kilichoshikizwa kwa misumari ya kugongwa. Polepole vipande hivyo viwili vikaungana. Miongoni mwa panga za karne ya 10 yanaonekana maumbo ambayo kipande cha juu na kifuniko chake vimefuliwa pamoja kuwa kimoja, na kuanzia hapo vipande vizima vinatawala. Hoja yangu ni kwamba msamiati ulifuata mabadiliko haya ya karakana. Mradi sehemu ile ilikuwa nusu ya jozi, lugha iliita jozi. Ilipokuwa pande moja zito, lugha zikatafuta neno la pande moja: tunda, kifundo, kichwa.

Msomaji makini atapinga, na ana haki. Atasema kwamba Uingereza ilitekwa na Wanormani mwaka 1066, kwamba maelfu ya maneno ya Kifaransa yaliingia Kiingereza baada ya hapo, ya mahakamani, ya jikoni na ya vitani, na kwamba *pommel* liliingia katika msafara huohuo bila kujali wahunzi walikuwa wakifanya nini. Kwa Kiingereza pekee pingamizi hili lina nguvu, na sidai kwamba neno lingefika bila Wanormani. Lakini Ujerumani haikutekwa na Wanormani, wala Poland. Lugha zao zilifika kwenye picha ileile ya kitu kimoja cha mviringo kwa kutumia maneno yao wenyewe, si ya kuazima. Utekaji unaweza kueleza kwa nini Waingereza walisema tufaha badala ya kifundo. Hauelezi kwa nini pande zote hizi ziliacha kufikiria jozi.

Kuna pingamizi la pili ambalo ni zito zaidi, na sina budi kulikubali kwa sehemu. Visa vya Iceland viliandikwa kwenye ngozi katika karne ya 13, wakati panga zilikwisha kuwa na virungu vizima kwa muda mrefu, na bado waandishi wake wanasema *hjalt*. Hiyo ni dalili kwamba neno linaweza kubaki nyuma ya kitu kwa vizazi vingi, hasa katika fasihi inayojivunia mambo ya mababu. Kwa hiyo mtu asilichukue neno moja katika andiko moja na kudai ameupata mwaka wa upanga. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: majina ya kale yalizaliwa kutokana na muundo wa kitu, na hata yanapochelewa, yanachelewa yakiwa bado yamebeba kumbukumbu ya muundo huo. Jina la kokwa ya Brazil halina kumbukumbu yoyote ya namna hiyo.

Kuna wakati hata neno sahihi la kale halitusaidii kwa sababu mlango wake umefungwa. Katika utenzi wa Beowulf, shujaa anarudi kutoka kilindini akiwa na mpini wa dhahabu wa upanga ambao bapa lake limeyeyuka, na mfalme Hrothgar anautazama na kuona maandishi ya runi yanayomtaja yule ambaye upanga ulitengenezwa kwa ajili yake. Mtunzi anasema runi hizo zilikuwa juu ya sehemu iitwayo *scenn*, ya dhahabu angavu. Neno hilo halionekani mahali pengine popote katika Kiingereza cha kale kilichosalia. Wafasiri hukisia kuwa ni bamba la mpini, na kisio hilo ni la busara, lakini ni kisio. Mtu aliyesikiliza utenzi huo ukumbini alijua mara moja kidole kielekezwe wapi.

Tofauti kati ya neno na kitu ilidhihirika kwa nguvu mwaka 2009, pale hazina kubwa ya Kianglo-Saksoni ilipopatikana shambani huko Staffordshire, Uingereza. Vipande vyake ni zaidi ya 4,000, dhahabu yake inakaribia kilo 4, na karibu vyote vinatokana na zana za vita zilizovunjwavunjwa. Miongoni mwake kuna vifuniko vya ncha za mipini zaidi ya 70, vingi vikiwa na nyuzi za dhahabu zilizosokotwa au vijiwe vyekundu vya garneti vilivyopangwa ndani ya vyumba vidogo vya dhahabu, kazi ya ukoo mmoja na upanga wa Sutton Hoo uliofukuliwa mwaka 1939. Hivi si matufaha. Ni vyepesi, vitupu ndani, vyenye mabega mawili yanayoshuka, na kazi yake haikuwa kuvuta uzani bali kuifunika na kuipamba ncha ya msuka iliyogongwa. Wanaakiolojia wa Kiingereza wanajua hilo, na ndiyo maana wengi wao huongeza neno la kofia mbele ya lile la tufaha. Wasomaji wa Hadithi za Mtume watatambua kitu kinachofanana: sehemu ya upanga wake ambayo wapokezi wanasema ilikuwa ya fedha inaitwa kwa Kiarabu *qabi'a*, nayo hufafanuliwa kuwa ni kifuniko cha ncha ya mpini. Kwa vifuniko vya Staffordshire, Kiarabu kingekuwa na neno lililo karibu na ukweli kuliko Kiingereza cha leo.

Na bado vifuniko hivyo vina jina la umbo pia. Vinaitwa vya kofia ya kukunja, kwa kulinganishwa na kofia za pembe walizovaa maofisa wa majeshi ya Ulaya katika karne ya 18. Kitu cha karne ya 7 kimevishwa kofia ya miaka 1,100 baadaye. Orodha ya majina ya namna hii ni ndefu. Virungu virefu vinavyopanuka kuelekea juu, vya mwisho wa karne ya 14 na vya karne ya 15, huitwa vizibo vya chupa za manukato. Vya nusu duara vya zama za Wavikingi vimelinganishwa na kitambaa cha kufunika birika la chai ili isipoe, ingawa chai haikufika Ulaya mpaka karne ya 17. Kuna mkia wa samaki, kuna gurudumu, kuna tini, kuna kichwa cha paka, ambacho ni kirungu cha pembe nne kinachohusishwa na panga za Venisi na za walinzi wake kutoka Dalmatia. Ukiyasoma yote kwa pamoja unaona chumba cha nyumba ya Mwingereza mwenye uwezo: chai mezani, kokwa kwenye bakuli, chupa ya manukato karibu na kioo, kofia ya babu ukutani.

Si kwamba waliotumia majina hayo walikuwa wazembe. Jan Petersen alipochapisha uchunguzi wake wa panga za Wavikingi wa Norway mwaka 1919, aliyapanga maumbo ya mipini kwa herufi za alfabeti, na mpango huo ungali unatumika. Mortimer Wheeler aliufupisha mwaka 1927 kuwa aina saba. Ewart Oakeshott, mchoraji na mkusanyaji aliyezaliwa mwaka 1916, akaziongezea mbili ili kuziba pengo kati ya panga za Wavikingi na zile za mashujaa wa farasi, kisha katika kitabu chake cha mwaka 1964 akavipa virungu vya enzi za kati herufi zake zenyewe. Namheshimu sana Oakeshott. Alilinganisha panga zilizosalia na sanamu za makaburini na michoro ya vitabu ambavyo miaka yake inajulikana, na kwa njia hiyo akawapa watu wa kawaida uwezo wa kuukadiria umri wa upanga kwa kuutazama. Lakini alitazama kwa jicho la mchoraji, jicho linaloshika kwanza mstari wa nje wa kitu, na lakabu zilizokwishazoeleka mnadani zikaendelea kuambatana na herufi zake.

Watetezi wa lakabu husema hazina madhara. Ni vishikio vya kumbukumbu, wanasema, na hakuna anayedhani kweli kwamba Wavikingi walikunywa chai. Hilo la pili ni kweli. La kwanza silikubali. Lakabu huvuta jicho kwenye umbo la pembeni na kuliondoa kwenye muundo: kifuniko kitupu cha dhahabu na pande la chuma la uzito wa mamia ya gramu vinaweza kuwekwa kapu moja kwa kuwa kivuli chao ukutani kinafanana, ilhali kimoja ni kazi ya sonara na kingine ni kazi ya mhunzi, na vilifanya kazi tofauti kwenye mkono wa mpiganaji. Kizibo cha manukato, kwa upande mwingine, kimekuwa jina la maumbo mengi kiasi kwamba Oakeshott mwenyewe alilazimika kuligawa kundi hilo katika vikundi vidogo. Alfred Geibig, katika kazi yake ya mwaka 1991 kuhusu panga za Ujerumani, alionyesha kwamba inawezekana kuviainisha virungu kwa vipimo na uwiano wa jiometri, bila matunda wala kofia. Kazi yake ni ngumu kusoma, na haishangazi kwamba wauzaji hawakuipenda.

Hata tufaha, jina la kale na la halali, linaweza kumpoteza msomaji anayetafuta alama. Tufe la dhahabu walilolishika wafalme wa Dola Takatifu la Rumi liliitwa tufaha: Wajerumani husema mpaka leo tufaha la dola, na mwandishi Rodulfus Glaber alilieleza tufe ambalo Papa Benedict wa 8 alimpa Henry wa 2 kuwa limeundwa kama tufaha la dhahabu. Ni rahisi kuruka kutoka hapo na kusema kwamba kila mwenye upanga alishika dunia ndogo mwishoni mwa mpini wake. Wazo linapendeza, lakini *pomel* ileile ilikaa juu ya nguzo ya hema. Katika lugha hizo tunda lilikuwa njia ya kawaida ya kuliita tufe, na alama ya ufalme inahitaji ushahidi zaidi ya jina.

Ushahidi wa namna hiyo upo, lakini haumo katika umbo. Upanga wa kutawazia uliohifadhiwa Vienna una kirungu chenye nembo za Otto wa 4 na maneno ya Kilatini ya zaburi kuhusu Mungu anayeifundisha mikono vita. Umbo lake lingeingia katika familia ya kokwa, na jina hilo halisemi lolote kuhusu nembo wala zaburi. Upanga mpana wa Conyers huko Durham, wa karne ya 13, una simba watatu wa Uingereza upande mmoja wa kirungu na tai upande wa pili. Katika utenzi wa Roland, upanga Durendal una masalia ya watakatifu ndani ya kitu cha dhahabu kiitwacho *punt*, ambacho wafasiri wengine hukiita mpini na wengine kirungu. Mtunzi anataja jino la Petro, damu ya Basil, nywele za Denis na kipande cha vazi la Maria. Umbo la kitu kilichoyabeba yote hayo halimshughulishi hata kidogo.

Vivyo hivyo katika wosia wa mwanamfalme Athelstan wa Uingereza, wa mwaka 1014. Anagawa panga zake kwa kuzitambulisha moja baada ya nyingine ili warithi wasigombane: upanga wenye mpini wa fedha ambao Wulfric aliutengeneza, upanga wenye alama ya mkono, upanga wenye mpini wa vishimo, na upanga uliokuwa wa mfalme Offa, aliyefariki mwaka 796, ambao anamwachia ndugu yake Edmund. Fundi, madini, alama, mmiliki wa zamani. Huenda mafundi walikuwa na majina ya maumbo katika mazungumzo ya karakana, na ningefurahi kuyasikia, lakini mtu aliyetaka upanga wake utambulike baada ya kufa kwake alitegemea mambo mengine kabisa.

Kirungu kimoja cha katikati ya karne ya 13 kiko New York, katika Metropolitan Museum, bila bapa, bila mpini na bila ala. Kwa herufi za Oakeshott ni sahani ya duara. Juu ya sahani hiyo, kwa shaba, dhahabu na enameli, iko nembo ya miraba ya dhahabu na buluu ya Pierre de Dreux, mtawala wa Bretagne, aliyetekwa Misri mwaka 1250 pamoja na mfalme Louis wa 9, akaachiliwa, na akafa mwaka huohuo akiwa safarini baharini kurudi Ufaransa.